Ratili 13 na Robo za Shaba: Kisa cha Mkusanyaji Aliyetegemea Mizani

Mkusanyaji mmoja nchini Marekani aliamua kuuza raundi zake zote za shaba ili apate pesa za kununulia sarafu halisi ya zamani, na alipofika sokoni akakuta kwamba kile alichokiita akiba hakikuwa akiba kwa mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Kisa chake kimepangwa hapa kwa mfano wa hali inayowakuta wengi wenye kukusanya vitu hivi. Ndani yake mna karibu kila swali ambalo raundi ya shaba humletea mwenye nayo: thamani yake inatoka wapi, inatunzwaje, na ni wakati gani inaacha kuwa pambo na kuwa jambo la sheria.

Raundi ni kipande cha madini chenye umbo la sarafu, kinachopigwa chapa na viwanda binafsi, ambacho hakina thamani ya malipo na hakitolewi na serikali yoyote. Ile ya shaba kwa kawaida huwa na uzito wa aunsi 1, usafi wa sehemu 999 kwa 1,000, na kipenyo cha milimita 39 hivi. Nyingi huazima michoro ya sarafu za kale za Marekani, kwa sababu michoro hiyo inajulikana na kupendwa, na sarafu zenyewe za dhahabu na fedha zimekwisha kupanda bei kupita uwezo wa watu wengi.

Mkusanyaji wetu alikuwa na raundi 212. Katika hizo, 140 zilikuwa za mchoro mmoja, zimepangwa katika mirija 7 ya plastiki yenye raundi 20 kila mmoja, na 72 zilikuwa za michoro mbalimbali, moja moja. Mbali na hizo kulikuwa na vipande viwili vingine ambavyo tutavirudia baadaye, maana ndivyo vilivyozua taabu kubwa kuliko vyote. Alikuwa amelipa wastani wa dola 1.75 kwa kila raundi, yaani dola 371 kwa jumla. Mnunuzi wa shaba chakavu alizipima zote na kumpa hesabu ya dola 53. Mfanyabiashara wa sarafu hakutaka hata kuifungua mirija. Alisema angechagua chache miongoni mwa zile 72, na nyingine mkusanyaji arudi nazo nyumbani.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya mizani. Daftari la mkusanyaji lilionyesha ratili 14 na nusu, ilhali mizani ya mnunuzi ilionyesha 13 na robo, na akadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Alikuwa amehesabu kila raundi kwa aunsi ya troy, ile ya gramu 31.1 inayotumika kwa dhahabu na fedha, lakini shaba hupimwa kwa aunsi ya kawaida ya gramu 28.35, ambayo 16 kati yake hufanya ratili moja. Kwa raundi 212 tofauti hiyo inakaribia gramu 584. Wala kiwanda hakikuficha kitu, kwa kuwa herufi AVDP, zinazotambulisha aunsi ya kawaida, zilikuwa zimepigwa chapa kwenye kila raundi. Mkusanyaji alikuwa amezitazama herufi hizo kwa miaka bila kuuliza zinasema nini, na hili halishangazi, kwani maandishi yanayozunguka ukingo wa sarafu ndiyo ya mwisho kusomwa.

Hesabu ya pili ni nzito zaidi. Bei ya shaba siku ile ilikuwa dola 4 kwa ratili, hivyo aunsi moja ilikuwa na shaba ya senti 25. Aliyelipa dola 1.75 kwa aunsi amelipa kwa kiwango cha dola 28 kwa ratili, bei ambayo shaba haijawahi kuikaribia. Raundi ya fedha haina pengo la namna hii, na sababu yake ni ya kiwandani kuliko ya kibiashara. Gharama ya kukata kipande cha duara, kukilainisha kwa moto, kukiweka kwenye kalibu na kukikandamiza kwa mashine ni karibu ile ile, liwe ni fedha au shaba. Madini yakiwa ghali, gharama hiyo inazama ndani ya bei na kuwa nyongeza ndogo. Madini yakiwa rahisi, gharama hiyo ndiyo inayokuwa bei yenyewe. Kwa hiyo anayenunua raundi ya shaba ananunua kazi ya mchongaji na ya mashine, na shaba ni sawa na karatasi iliyobeba picha. Kuiweka kama kinga dhidi ya mfumuko wa bei ni kuweka karatasi na kuisahau picha, na kwa maoni yangu matangazo yanayoiuza kwa lugha ya akiba ya madini yanastahili lawama zaidi kuliko mnunuzi anayeyaamini.

Ikiwa ni hivyo, basi tathmini ya haki ya mkusanyo huu ilipaswa kuanzia kwenye picha, na hapo ndipo mambo yalipoanza kumpendeza mkusanyaji wetu kidogo.

Mchoro wa zile 140 ulikuwa wa Uhuru Atembeaye, kazi ya Adolph A. Weinman iliyokuwa kwenye nusu dola ya Marekani kuanzia 1916 hadi 1947: mwanamke aliyejifunika bendera akielekea jua linalochomoza, mkono mmoja umenyooshwa mbele, mwingine umebeba matawi. Sarafu ya asili ilikuwa ya fedha ya asilimia 90, gramu 12.5, kipenyo cha milimita 30.6. Ni mchoro mzuri, na uzuri huo ndio uliouponza. United States Mint, kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, iliuchukua tena mwaka 1986 kwa sarafu yake ya fedha ya aunsi 1 iitwayo Eagle, na tangu hapo karibu kila kiwanda binafsi kimekuwa na kalibu yake ya mchoro huo. Idadi ya raundi zinazopigwa haitangazwi wala haina kikomo. Mtu mwenye 140 za namna hiyo ana kitu kilekile mara 140, na mfanyabiashara wa sarafu alikuwa na sababu ya kutofungua mirija.

Hata hivyo, ukiitazama moja kwa kioo cha kukuzia unakuta jambo ambalo wakosoaji wa raundi hawalitaji. Katika nusu dola nyingi za asili, kichwa cha mwanamke na mkono wake wa kushoto unaobeba matawi havikutokea vizuri, kwa kuwa sehemu hizo za mchongo zilikuwa ngumu kujazwa na madini kwa pigo moja la haraka, na sarafu zilipigwa kwa mamilioni kwa ajili ya matumizi ya kila siku. Shaba safi ni laini, kipande ni kikubwa zaidi, na mashine haina haraka ileile. Raundi aliyokuwa nayo mkusanyaji ilionyesha vidole vya mkono ule na mikunjo ya vazi kuteremka hadi kwenye goti bila kukatika. Uso, kwa upande mwingine, haukuwa wa Weinman. Aliyechonga kalibu alikuwa ameuzungusha mashavu na kuyafanya macho makubwa, kama wachongaji wa kibiashara wapendavyo. Nakala inaweza kuizidi asili mahali pamoja na kushindwa hatua tatu kutoka hapo.

Zile 72 ndizo zilizokuwa mkusanyo wa kweli. Mlikuwamo dola ya Morgan na dola ya Amani ya Anthony de Francisci, robo dola ya Hermon MacNeil, na sarafu ya dola 20 ya Augustus Saint-Gaudens, ambayo toleo lake la kwanza la 1907 lilikuwa na mchongo ulioinuka kiasi cha kuhitaji mapigo kadhaa ya mashine kwa kila sarafu, hata ikabidi upunguzwe ili sarafu iweze kutengenezwa kwa wingi. Mlikuwamo pia nyati wa James Earle Fraser, kutoka kwenye senti 5 za 1913 hadi 1938. Toleo la kwanza la 1913 lilimweka nyati juu ya kilima, na maneno ya thamani yakaandikwa juu ya kilima hicho, mahali ambapo yangelika upesi. Ndani ya mwaka uleule kilima kikasawazishwa. Raundi ya mkusanyaji ilikuwa na kilima, lakini pale palipokuwa na thamani paliandikwa uzito. Hii ndiyo desturi ya viwanda vingi: thamani huondolewa na uzito pamoja na usafi wa madini vikawekwa mahali pake. Ni desturi njema, na umuhimu wake tutauona mwishoni.

Raundi mbili kati ya hizo 72 zilistahili kutengwa na nyingine zote. Zote mbili zilitokana na sarafu ya dhahabu ya dola 5 iliyoanza 1908, kazi ya Bela Lyon Pratt, yenye kichwa cha Mwamerika wa asili aliyevaa kilemba cha manyoya. Jambo la pekee la sarafu hiyo na mwenzake ya dola 2.50 ni kwamba mchongo wake umezama chini ya uso badala ya kuinuka juu yake, hivyo sehemu ya juu kabisa ya sarafu ni uwanja mtupu. Raundi ya kwanza ilikuwa imeuinua mchongo kama sarafu nyingine yoyote, pengine kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mchongaji wa kalibu. Kwa kufanya hivyo ilikuwa imebeba picha ya Pratt na kuitupa fikra yake. Raundi ya pili ilikuwa imezamisha mchongo ipasavyo, na manyoya yalionekana kwa vivuli vilivyojikusanya ndani ya mistari. Daftari liliziandika mstari mmoja, zikifuatana, kwa uzito uleule na bei ileile. Kwangu mimi hakuna ushahidi mwingine unaohitajika kuonyesha kwamba mizani ilikuwa kipimo kisichofaa. Raundi moja ilikuwa nakala nzuri kuliko zote katika mkusanyo na nyingine ilikuwa kosa, na aunsi haikuwa na namna ya kulisema hilo.

Baada ya mchoro huja rangi, na hapa hasara ilikuwa ya kweli. Shaba mpya ni nyekundu inayong'aa, na hewa huibadilisha polepole kuwa kahawia. Wakusanyaji wa sarafu za shaba huzigawa katika makundi matatu, nyekundu, nyekundu-kahawia na kahawia, na tofauti ya bei kati ya makundi hayo kwa sarafu halisi inaweza kuwa kubwa sana. Raundi hufuata mkondo huohuo kwa kiasi kidogo. Ndani ya mirija, raundi za katikati zilikuwa bado nyekundu kwa sababu zilibanana na kufunikana, na zile za mwanzo na mwisho wa kila mrija zilikuwa zimegeuka. Katika zile 72, nyingine zilikuwa na alama za vidole ambazo zilionekana kwa mistari myembamba kabisa ya ngozi, kahawia juu ya wekundu. Jasho na mafuta ya mkono huanza kazi yao mara moja, lakini alama huja kuonekana wakati aliyeshika amekwisha kusahau kwamba alishika.

Raundi 19 zilikuwa na ute wa kijani. Zilikuwa zimewekwa katika vifuko laini vya plastiki ya PVC, na plastiki hiyo inapochakaa hutoa viambato vya kuilainisha pamoja na asidi ambayo hushambulia shaba. Dawa yake ni asetoni safi katika chombo cha kioo, mbali na moto na katika chumba chenye hewa, bila kusugua. Asetoni huyeyusha ute huo lakini haigusi rangi ya kahawia, na kama asidi imekwisha kula uso wa shaba, vishimo hubaki. Mkusanyaji hakujua hilo. Raundi 8 nyingine alikuwa amezisafisha kwa siki na chumvi, na zikatoka na rangi ya waridi iliyopauka ambayo shaba iliyotoka kiwandani haina. Mng'ao wa chapa, ule unaozunguka unapokigeuza kipande chini ya taa, ulikuwa umekwenda. Siki haikuondoa uchafu peke yake. Iliondoa ngozi nyembamba ya juu ya madini, na ngozi hiyo ndiyo inayobeba mng'ao. Kasha gumu la plastiki isiyo na PVC, lenye kipimo cha raundi yenyewe, lingeyazuia yote haya, ingawa lazima isemwe kwamba kasha la namna hiyo huweza kugharimu karibu sawa na shaba iliyomo ndani yake au zaidi, na mtu anayehesabu kwa aunsi hawezi kulikubali.

Kwa hiyo 72 zikapungua kuwa 45 zisizo na dosari na 27 zilizoharibika. Ushauri uliofuatwa ulikuwa mwepesi. Mirija 7 iliuzwa mizima kwa wakusanyaji wengine kwa dola 20 kila mmoja, jumla dola 140, ikiwa ni hasara ikilinganishwa na alichotoa lakini ni mara 4 ya thamani ya shaba yake. Zile 27 zilikwenda kwenye shaba chakavu kwa dola 6.75. Zile 45 hakuuza. Mfanyabiashara alikuwa tayari kuzichagua, na kwa kuwa yeye alizitaka, mkusanyaji naye akaanza kuzitazama kwa jicho jingine; uamuzi huo nauona sahihi, maana bei ambayo angepata isingetosha kumfidia kazi ya miaka ya kuzitafuta moja moja.

Vilibaki vile vipande viwili.

Cha kwanza kiliandikwa daftarini kuwa raundi ya fedha ya aunsi 1. Kilikuwa cheupe, kipenyo milimita 39, uzito gramu 31.1 kamili, na sumaku iliyoteremshwa juu yake iliteleza polepole, jambo ambalo wauzaji wengi huliita uthibitisho wa fedha. Si uthibitisho. Sumaku hupunguza mwendo kwa sababu ya mikondo ya umeme inayozuka ndani ya madini yapitishayo umeme vizuri, na shaba hupitisha umeme karibu sawa na fedha. Kipimo kinachotenganisha hizi mbili ni cha msongamano: fedha ina gramu 10.49 kwa kila sentimita ya ujazo, shaba ina 8.96. Kipande cha gramu 31.1 kinapozamishwa majini kikining'inia kwenye uzi, hupoteza takriban gramu 2.97 kikiwa cha fedha na gramu 3.47 kikiwa cha shaba. Hiki kilipoteza 3.47. Ilikuwa shaba iliyopakwa fedha, na ukingoni, mahali palipokuwa pamesuguana na kasha, wekundu ulikuwa umeanza kuchungulia. Katika mkusanyo mzima, hiki ndicho kipande pekee cha shaba kilichokuwa na uzito wa aunsi ya troy, na ndicho pekee kilichonunuliwa kwa bei ya kitu kingine.

Cha pili ni kigumu zaidi, na ndicho kinachoonyesha mahali ambapo mchezo huu una mpaka. Kilikuwa nakala ya senti ya mnyororo ya 1793, senti ya kwanza ambayo kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilitengeneza kwa ajili ya matumizi ya umma. Upande wa nyuma wa asili una mnyororo wa pete 15, moja kwa kila jimbo la wakati ule. Zilipigwa 36,103 tu, na waliouona mnyororo huo wakati huo waliulalamikia kuwa ishara mbaya kwa nchi iliyojiita ya uhuru, ukabadilishwa mwaka uleule. Nakala hii ilikuwa na kipenyo cha asili, tarehe ya asili, maneno ya asili, rangi ya kahawia ya kuzeeshwa, na haikuwa na neno lolote la kuitambulisha.

Raundi ya shaba yenye picha ya sarafu ya dhahabu hujitangaza yenyewe: haina rangi ya dhahabu, ni kubwa kuliko asili au ndogo kuliko asili, na imeandikwa uzito mahali pa thamani. Hakuna anayeweza kuidhania kuwa ndiyo. Sarafu ambayo asili yake ilikuwa ya shaba haina ulinzi huo. Senti ya kichwa cha Mwamerika wa asili ya James B. Longacre, ya 1859 hadi 1909, ilikuwamo pia kati ya zile 45, nayo kuanzia 1864 ilitengenezwa kwa bronzi yenye shaba ya asilimia 95. Lakini ile ilikuwa imekuzwa kutoka milimita 19 hadi 39, eneo lake likawa zaidi ya mara 4, na ukubwa huo ukafanya kazi ya onyo. Nakala ya mnyororo haikuwa na rangi, ukubwa wala maandishi ya kuonya.

Sheria ya Marekani inalizungumzia jambo hili waziwazi. Hobby Protection Act ya 1973 inataka nakala ya sarafu iwe na neno COPY lililopigwa wazi na kwa kudumu, na kanuni za Tume ya Biashara ya Shirikisho zinaeleza hata umbo la herufi na kina chake, ambacho kwa kawaida hakipungui milimita 0.3. Mwanzoni sheria hiyo iliwabana watengenezaji na waingizaji. Marekebisho ya Desemba 2014 yakaongeza uuzaji wenyewe, pamoja na wanaomsaidia kwa kiasi kikubwa mtu wanayemjua, au waliyepaswa kumjua, kuwa anaikiuka. Mkusanyaji wetu alikuwa amepanga kukiweka kipande hicho ndani ya kundi la raundi na kukiuza pamoja nazo, kwa nia safi kabisa, na angekuwa amekiingiza sokoni bila alama ambayo sheria inaitaka.

Alipendekeza akipige neno hilo mwenyewe kwa nyundo na herufi za chuma. Ushauri aliopewa ulikuwa asiuze kabisa, kwa sababu herufi zilizopigwa kwa mkono huenda zisifikie vipimo vya kanuni, na kipande chenyewe, bila wekundu wa raundi wala uzee wa senti, hakikuwa na bei ya kustahili usumbufu huo. Kimebaki kwake katika kasha la peke yake, na ndani ya kasha mna kikaratasi kinachosema ni nakala na kwamba hakiuzwi, kwa ajili ya atakayekikuta baada yake.